Datsun ya Kesho

Jina lake halisi lilibaki kwenye kibao cha mlango wa kliniki yake ya macho tu. Kwingine kote aliitwa Kesho. Aliyempa jina hilo ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, na lilimganda kama gundi ya mbao. Kisa chenyewe kilikuwa gari. Alikuwa amenunua Datsun kuukuu ya milango miwili, ile ya mbio yenye pua ndefu na mgongo ulioinama kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Tangu lilipoburutwa kwa kamba hadi nyumbani, ukimuuliza litawaka lini, alikujibu bila kupepesa macho: "Kesho."

Mwenye gari wa zamani alilichoka akalitelekeza nyuma ya nyumba, na kuku wakalipenda. Kesho alikuta kiota chini ya kiti cha dereva, manyoya ndani ya matundu ya hewa, na samadi ya vizazi kadhaa kwenye zulia. Mtu mwingine angefunga mlango na kwenda zake. Lakini yeye kutwa nzima alikuwa mtu wa kuchungulia macho ya watu kwa kitochi, akitafuta vitu vidogo ambavyo wenyewe hawavioni. Alilitazama lile banda la kuku akaona gari.

Kazi aliifanya Jumamosi na siku za mapumziko, katika banda la bati lililoegemea ubavu wa nyumba. Banda lilitosha gari likiwa zima. Alipolifungua, halikutosha tena, na gari likaanza kuhamia ndani. Bampa ililala uvunguni mwa kitanda. Viti viliketi chumba cha wageni, na milango ikasimama ukutani pale pale, imefunikwa mashuka kama wagonjwa. Kabureta zilikaa kwenye meza ya kulia chakula juu ya magazeti, na kwa muda mrefu mkate wa asubuhi ulikuwa na harufu ya petroli.

Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari, mwanamke mrefu, mvumilivu, mwenye ulimi. Majirani walipomtania kwamba mumewe ameleta mke mwenza, aliwajibu, "Mke mwenza? Mke mwenza angenisaidia hata kuosha vyombo. Huyu anaoshwa yeye, tena kwenye karai langu." Kupanda gari hilo alikataa katakata kabla halijawaka. Hata kukaa ndani yake kwa kupiga picha alikataa.

Basi, siku moja mkewe aliweka simu chini na kusema, "Paa la nyumba ya mama linabomolewa, wanaweka jipya. Anakuja kukaa kwetu."

"Karibu sana," alisema Kesho, kisha akakumbuka. "Atalala wapi?"

"Chumba cha wageni."

"Kuna milango mle."

"Mama hawezi kulala na milango."

"Milango haikoromi."

"Mama anakoroma. Ataiharibia usingizi."

Kesho alizunguka nyumba nzima akitafuta pa kuweka vitu vyake. Stoo ilijaa. Juu ya kabati palijaa. Mwishowe, akiwa amekumbatia mlango wa kushoto katikati ya korido, alitambua kwamba mahali pekee palipobaki pa kuweka vipande vya gari ni kwenye gari. Akachukua likizo kliniki. Kazi iliyokuwa ikisuasua kwa miaka ilikimbia wiki ile kama imefukuzwa na mbwa: milango ikarudi kwenye bawaba zake, viti vikafungwa, bampa ikatolewa uvunguni na vumbi lake. Mama mkwe alipofika na mabegi yake, Datsun ilikuwa imesimama bandani, nyekundu, imekamilika kwa nje. Ilibaki kuwaka tu.

Mama mkwe alikuwa mwalimu wa kwaya mstaafu. Magoti yake yalikuwa yamechoka, masikio hayakuchoka hata kidogo. Kati yake na Kesho palikuwa na heshima nzito mno, heshima ya kupitishia maneno kwa mtu wa tatu. Tangu harusi, walikuwa wakiongea kupitia kwa binti. "Mwambie mwenzio chai yake ni nzuri," mama angesema, naye Kesho, aliyekuwa amesimama hapo hapo na birika mkononi, angesubiri aambiwe.

Sasa walikuwa chini ya paa moja, na mke alikuwa shuleni kutwa. Siku ya kwanza mama alipita mbele ya banda akiota jua. Kesho alikuwa chini ya gari, chali. Alisikia kandambili zikija, akaona miguu ya mkwewe, na mwili wake ukafanya ulichozoea kufanya kila mama huyo alipotokea: ulisimama. Paji la uso likakutana na bomba la ekzosi.

"Shikamoo, Mama," alisema kwa sauti ya mtu anayeona nyota.

"Marahaba."

Mchana ikawa vile vile. Siku iliyofuata asubuhi, vile vile tena. Mama alisimama, akainama kadiri magoti yalivyomruhusu, akachungulia chini ya gari na kuongea naye mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Baba, lala tu. Heshima nimeiona. Sasa naona na nundu."

Baada ya hapo aliagiza kiti. Kesho alimletea kile cha plastiki chenye mikono, akamwekea mlangoni mwa banda, kivulini. Hapo ndipo mama alipoanza kukaa na kikombe chake cha chai, akimtazama mkwewe kama mtu anayetazama mpira wa timu dhaifu aliyoanza kuipenda.

"Hiyo skrubu umeifunga na kuifungua tangu nimekaa," alisema. "Mmegombana?"

"Naitafutia mkazo wake, Mama."

"Mkazo wake inao. Wewe ndiye huna."

Shemeji mtu alikuja Jumamosi. Alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha, na kwa sababu hiyo aliitwa Cheche. Kila alipoiona Datsun, mikono ilimwasha. Yeye alitaka taa za bluu chini ya sakafu, spika kubwa nyuma, na ekzosi yenye mdomo mpana kama sufuria ya shughuli. Kesho alitaka kila kitu kibaki kilivyotoka kiwandani, mpaka rangi ya nyaya.

"Shemeji, unataka gari au unataka makumbusho?" aliuliza Cheche, akilizunguka.

"Nataka gari lililotengenezwa na watu waliojua wanachofanya."

"Na mimi sijui ninachofanya?"

"Geti letu lilifunguka lenyewe jana."

"Lile ni otomatiki. Sikukudai cha juu."

Mama alicheka hadi chai ikamwagika. Kesho naye alitaka kucheka lakini alijizuia, maana kucheka mdomo wazi mbele ya mkwe bado aliona si adabu. Badala yake akawasha feni ya hewa ili kuonyesha kwamba angalau umeme wa gari unafanya kazi. Feni ilinguruma, ikakohoa, kisha ikatoa kupitia matundu yote, na mlango wa upande wa kiti cha mama ukiwa wazi, manyoya yote ambayo kuku wale walikuwa wamehifadhi humo. Yalimwangukia mama kichwani, mabegani, na ndani ya kikombe.

Kesho aliizima feni haraka.

Mama alichukua unyoya mmoja kutoka kwenye chai, akautazama. "Kuku mweupe," alisema. "Nyama yenyewe iko wapi?"

Siku injini ilipowaka kwa mara ya kwanza hapakuwa na shangwe kama alizokuwa ameziota. Iliwaka, naam. Lakini ilitetemeka kama mtu mwenye homa, ikapiga chafya na kulijaza banda zima moshi. Kesho alijua tatizo liko wapi. Injini ile ilikuwa na kabureta mbili, kila moja ikilisha silinda tatu. Zikivuta hewa sawasawa, gari hutulia. Moja ikivuta kuliko mwenzake, injini nzima hupepesuka. Kuzilinganisha kuna njia ya mafundi wa zamani: unachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja unaiweka kwenye mdomo wa kabureta, nyingine sikioni, unasikiliza mvumo wa hewa. Unarekebisha, unahamia ya pili, unarudi.

Alisikiliza ya mbele. *Shhh.* Akasikiliza ya nyuma. *Shhh.* Akakaza huku, akalegeza kule. Alifanya hivyo asubuhi nzima mpaka sikio likawa jekundu na lenye harufu ya petroli, na bado injini ilitetemeka. Kikombe cha mama, kilichowekwa kwenye ukingo wa bodi, kilikuwa kikitembea chenyewe kuelekea kwenye betri.

"Huyo wa mbele yuko juu," alisema mama kutoka kwenye kiti chake.

Kesho aligeuka. "Samahani, Mama?"

"Wa mbele anaimba juu kuliko wa nyuma. Husikii? Nimekaa na maumivu haya tangu asubuhi, nikasema nisiingilie kazi ya mtu."

Alimsaidia kusimama karibu na injini kwa kumsogezea kiti, kumgusa hakumgusa. Akampa mpira kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anayempa zawadi. Mama aliuweka sikioni, akafumba macho. Hapo uso wake ulibadilika, Kesho akamwona kama wanakwaya wake walivyomwona miaka yote ile: mtu wa kuogopwa.

"Mteremshe," alisema. Kesho akazungusha skrubu. "Zaidi. Basi. Umezidisha, mpandishe kidogo. Kidogo nimesema, siyo hivyo, unamnyonga. Hapo. Sasa twende kwa mwenzake."

Walikwenda na kurudi. Mama hakumsifu hata mara moja, ila mkono wake wa kushoto ulianza kupiga mapigo hewani bila mwenyewe kujua. Kisha, pasipo Kesho kuona hasa ni lini, mtetemeko ulikwisha. Injini ilikuwa ikinguruma chini kwa chini, laini, sauti moja. Chai kikombeni ilitulia kama imelala.

Cheche alikuwa ameingia na kusimama nyuma yao. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "na mimi kwaya ulinifukuza."

"Kwa haki kabisa," mama alijibu, mpira ukiwa bado sikioni.

Basi mama mkwe akatoa ombi lake. Kwaya yake ya zamani ingefanya mazoezi Jumamosi iliyofuata katika ukumbi wa upande wa pili wa mji, chini ya mwalimu mpya ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Alitaka kwenda kuwasalimu. Na alitaka kwenda na lile jekundu.

"Mama, tumia gari langu," alisema binti yake. "Lina milango minne."

"Lako linanipeleka. Lile linaniwasilisha," alisema mama, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kuingia hakukuwa na shida. Datsun ile ilikuwa chini sana, na mama alipogeuka na kuanza kukaa, ardhi ilimsaidia sehemu iliyobaki. Alitua kwa kishindo, akafunga mkanda, akaweka mkoba mapajani. Njiani alinyamaza mpaka barabara ilipofunguka, kisha akaonyesha lori la mchanga mbele yao kwa kidole.

"Baba, huyu tunamfuata kwa nini?"

"Nasubiri nafasi, Mama."

"Nafasi si hiyo?"

Kesho alikanyaga. Ile pua ndefu ikanyanyuka, lori likabaki nyuma na vumbi lake, na mama mkwe akatoa kicheko kifupi cha msichana, kisha akakohoa kukifunika.

Walipofika, kwaya nzima ilitoka nje kuona nini kinanguruma. Wakalizunguka gari, wakaita, wakapiga vigelegele. Kesho alizunguka mbio na kumfungulia mama mlango. Mama akateremsha mguu mmoja. Akateremsha wa pili. Akashika kando ya mlango, akajivuta. Hakuna kilichotokea. Akajaribu tena. Akarudi nyuma kitini, akatabasamu kwa umati.

"Naangalia mazingira kwanza," alisema.

Watu walisubiri. Mama aliangalia mazingira: ukuta, tangi la maji, baiskeli. Mwalimu mpya akasogea kumpa mkono. Mama akaushika mkono ule, akausalimu, akaurudisha kwa mwenyewe.

"Hapana, mwanangu. Leo nataka kuwasikia kwa nje. Ndani ya ukumbi mwangwi unawasitiri. Jipangeni hapo hapo."

Ikawa hivyo. Walijipanga kwenye uwanja wa changarawe, wakaimba, naye akawaongoza akiwa ameketi ndani ya Datsun, mlango wazi, miguu nje, mkono mmoja ukikata hewa. Aliwasimamisha kila baada ya ubeti. Wa sauti ya pili walikuwa wanaburuta. Besi walikuwa wanalala. Mmoja wa nyuma alikuwa anafungua mdomo tu, na akatajwa. Mwalimu mpya alisimama pembeni akiandika kila neno, na wote wakaona kwamba mama yao hajabadilika. Kesho peke yake, aliyesimama nyuma ya mlango ameushikilia, aliona jasho likimtiririka mkwewe shingoni.

Wanakwaya waliporudi ndani kuendelea na mazoezi, mama alimwita kwa mnong'ono.

"Baba."

"Naam, Mama."

"Nimekwama."

"Nimeona, Mama. Niwaite akina mama wale?"

"Ukimwita mmoja wao, mji mzima utajua kabla ya chakula cha mchana." Alivuta pumzi. "Weka heshima pembeni kidogo. Nivute."

Kesho alitazama kushoto na kulia. Alipangusa viganja kwenye suruali. "Sasa, Mama... nikushike wapi?"

"Mikono, baba! Au unataka kuagiza winchi?"

Akashika mikono yote miwili. Ilikuwa midogo kuliko alivyodhani, na ilimkaza kwa nguvu. Akaweka visigino kwenye changarawe, akaegemea nyuma, akavuta. Mama alitoka kama kizibo. Alitua kwa miguu yake, wima, mkoba begani. Kesho naye, aliyekuwa ameweka uzito wake wote nyuma, aliendelea na safari peke yake hadi kwenye kitalu cha maua.

Mama alinyoosha gauni lake, akamtazama pale chini.

"Pole," alisema. "Sasa na wewe atakuinua nani?"

Hapo Kesho alicheka. Alicheka mdomo wazi, mgongo kwenye udongo, mbele ya mama mkwe, na mama naye akacheka mpaka akashika paa la gari asianguke. Kwa muda hakuna aliyeweza kumsaidia mwenzake.

Jioni ile Kesho alikwenda kwa Cheche mwenyewe, bila kuitwa.

"Shemeji, nataka tubadilishe kitu kwenye gari."

Cheche alidondosha kinyago chake cha kuchomelea. "Ekzosi!"

"Kiti."

"Kiti cha michezo? Kile cha kukumbatia mbavu?"

"Kiti cha abiria. Kiinuliwe juu. Na nataka kishikio hapo juu ya mlango, imara, cha kubeba mtu mzima."

Cheche aliokota kinyago, na kwa mara ya kwanza katika ushemeji wao hakuwa na utani mdomoni. Alichukua futi, wakaenda kumpima mama urefu wa goti, naye mama akalalamika kwamba anapimwa kama geti. Cheche akakata vyuma, akachomelea miguu mipya ya kiti, akailainisha kwa msasa na kuipiga rangi nyeusi, kazi safi ambayo Kesho aliitafutia kasoro asiione. Miguu ya zamani Kesho aliifunga kwenye kitambaa na kuiweka kabatini, chini ya soksi. Mama alipokijaribu kiti, aliingia na kutoka, akaingia na kutoka, akishika kishikio kama kondakta wa basi. Akatamka kwamba sasa gari limekuwa la watu.

Ndipo mke wa Kesho, aliyekuwa akisahihisha madaftari barazani, akasimama.

"Basi na mimi nilipande. Si limewaka?"

Aliingia upande wa abiria. Kichwa chake kikagonga dari. Akakiinamisha mbele, kikagonga kioo. Akakilaza upande wa mumewe, aliyeketi kwenye usukani, akabaki hivyo, shingo imekunjika kama bomba la sinki.

"Huku nitasafiri nikisoma viatu vyangu," alisema.

"Tunaweza kukirudisha chini," Kesho alijibu haraka.

"Na mama atatokaje? Utakuwa unaanguka kwenye maua ya watu mpaka lini?" Alitoka, akazunguka pua ndefu ya gari, akanyoosha mkono mbele ya mumewe. "Ufunguo."

"Klachi yake ni ngumu kidogo, na gia ya pili ina—"

"Ufunguo, mume wangu."

Akampa, akahamia upande wa abiria. Kesho hakuwa mtu mrefu. Kile kiti kipya kilimkaa kama kimeshonwa kwa ajili yake. Alijikuta juu, magoti pamoja, akiona mapaa ya magari ya majirani ambayo hakuwahi kuyaona. Mkewe alirudisha kiti chake nyuma, akawasha, akasikiliza injini kidogo, akatia gia. Mama na Cheche walisogea pembeni wakiwapungia mikono.

Walishuka mtaa taratibu, wakazunguka duka la kona, wakapanda barabara kubwa na kurudi. Hakukwaruza gia hata moja. Kesho alifungua mdomo kumsifu, akaona geti lao likipita dirishani.

"Umepita nyumbani," alisema.

"Nimeona," alijibu mkewe, akaongeza gia.